Mkono wa Pili kwenye Ukuta wa Saba

Sikudhani Lweno alifika Singida Jumatatu asubuhi, mwezi wa Julai mwaka 2111, upepo ukivuma ule wa kukausha midomo. Alikuwa na begi la nguo na sanduku la bati ambalo hakumruhusu mtu mwingine kulibeba. Mkuu wa chuo cha ufundi, Mwalimu Hamza Gwae, alikuja mwenyewe kumpokea getini. Alikuwa mtu wa miaka arobaini na tisa, mnene kidogo, mwenye kuongea kwa mikono yote miwili.

"Karibu sana, mama. Tumekusubiri tangu Machi. Chai kwanza au kuta kwanza?"

"Kuta kwanza, Mwalimu. Jua likiwa kali sauti zinanichanganyikia."

Hamza akampeleka nyuma ya karakana. Pale uwanjani, chini ya majabali makubwa ya mawe, zilisimama kuta saba fupi zinazofika kifuani, zimezungushiwa uzio wa chuma. Sikudhani alizijua tangu darasa la tatu, kwenye picha ya kitabu. Hapa ndipo marehemu Dakta Elinihaki Kingu alipojaribu michanganyiko saba ya rangi, miaka hamsini iliyopita. Sita haikufaa kitu. Wa saba ulipopigwa na jua la mchana, ukuta ulipoa badala ya kupata moto. Huo ndio mwanzo wa rangi baridi. Kwa sababu yake zahanati zilihifadhi chanjo bila umeme, mapaa ya bati yakaacha kuwachoma watu, na watu wa Dodoma wakasahau kwamba kuna wakati mwezi wa Oktoba uliwafukuza majumbani mwao kulala nje.

Sikudhani akaweka kiganja kwenye ukuta wa saba. Alishtuka. Alikulia katika nyumba ya rangi baridi na kusoma katika shule ya rangi baridi, lakini hakuwahi kugusa iliyopoa namna hii. Ulikuwa kama mtungi uliolala na maji.

"Umeona?" Hamza akasema. "Hata Dakta mwenyewe hakuweza kuirudia. Alihangaika miaka kumi na tisa. Akapata ile inayotumika sasa, akaigawia dunia nzima bure, lakini kama hii hakuipata tena mpaka anaingia kaburini."

Sikudhani akafungua sanduku. Ndani mlikuwa na kidude cha ukubwa wa sahani, kilichofanana na pasi isiyo na mpini. Wenye kazi hiyo walikiita Sikio. Aliajiriwa na Daftari la Hatua Kuu, ofisi iliyoandikisha mahali na siku ambapo ugunduzi mkubwa ulifanyika: kisima cha kwanza cha umande kule Longido, figo ya kwanza kuoteshwa Bukoba. Kabla ya kibao cha shaba kupachikwa, mtu kama yeye alitumwa kuhakikisha kwamba mambo yalitokea kweli kama yanavyosimuliwa.

"Hebu nieleze vizuri, maana wanafunzi wataniuliza," Hamza akasema. "Rangi inasikiaje?"

"Rangi ya mafuta haikauki papo hapo. Inachukua kama dakika arobaini kushika. Muda huo wote, mtu akiongea karibu yake, ukuta unatetemeka kidogo sana, na chembe za rangi zinajipanga kufuatana na huo mtetemo. Ikishakauka, imekwisha, haisikii tena. Mimi napitisha mwanga juujuu, nasoma chembe zilivyojipanga, mashine inanirudishia sauti."

"Kwa hiyo dakika arobaini tu."

"Arobaini tu. Lakini ni zile zenyewe."

Mikono ya Hamza ikatulia kwa mara ya kwanza. "Mama yangu alikuwa mfagizi hapa wakati huo. Zamda. Alifariki miaka mitatu iliyopita. Kama sauti yake imo humo, mama, naomba niisikie. Ya ujana wake. Kabla hajawa mama yangu."

Sikudhani alisikia ombi kama hilo karibu kila mahali alipokwenda. "Usomaji wetu hukabidhiwa mzima, kwa watu wote," akamwambia. "Hatukati hata neno. Kama yumo, utamsikia."

Ilikuwa kweli. Miaka minane nyuma msomaji mmoja alikata maneno ili kumpendelea tajiri, na tangu hapo sheria ikawa moja: usomaji haukatwi, haupunguzwi, haubaki na mtu. Sikudhani aliiamini sheria hiyo. Alishiriki kuiandika.

*

Alianza kusoma Jumanne saa moja asubuhi. Alikaa kwenye kigoda, akavaa spika za masikioni, akawa anatelezesha Sikio juu ya ukuta kidole kwa kidole. Mpaka saa nne alikuwa na mkwaruzo mtupu. Kisha sauti mbili za wasichana zikaja wazi kabisa, kama vile wamekaa upande wa pili wa ukuta.

"Paka na huku chini, Zamda. Umeacha baka."

"Wewe Anje nawe! Baka litaonekana na nani? Dakta yuko Dodoma mpaka Ijumaa."

"Ataliona. Dakta anaona hata mbu."

Sikudhani akatabasamu. Zamda alikuwa na sauti nene, ya mtu anayecheka kabla ya kumaliza neno. Aliandika dakika kwenye daftari lake ili baadaye amwonyeshe Hamza.

"Na akiuliza chokaa?" akauliza yule Anje.

"Tutamwambia tumetia, kama alivyoagiza."

"Tumetia maganda ya mayai ya shangazi yako! Debe zima la kibanda cha chipsi. Mikono yangu imeota malengelenge kwa kutwanga."

Sikudhani akasimamisha Sikio. Akarudia mahali hapo mara tatu. Historia yote ya rangi baridi, vitabu vyote, vilisema chokaa. Dakta Kingu aliandika chokaa, akatafuta chokaa ya kila machimbo kwa miaka kumi na tisa, bila kujua kwamba kwenye ukuta wa saba hakuna hata kijiko chake. Msichana mfagizi alitwanga maganda ya mayai kwa sababu chokaa haikuwepo. Katika kazi yake yote hakuwahi kupata kitu kama hiki.

Akaendelea.

"Mfuko mzima, Zamda. Ulimpaje mtu mfuko mzima wa chokaa ya chuo?"

Kisha Zamda, na sasa hakuwa anacheka. "Alisema anamalizia chumba. Alisema tutakaa humo mimi na yeye. Jana nimekwenda, chumba kimefungwa. Amepanda gari la Kahama. Hata kwaheri hakuniambia."

"Nestori?"

"Anje, nina mimba. Mwezi wa pili huu."

Brashi ilisikika ikianguka. Wasichana wawili walikaa chini kwenye kivuli cha ukuta, wakauegemea, rangi isiyokauka ikiwa upande wa pili, na walilia na kunong'ona, na ukuta ulichukua kila neno. Posa ya kijana Gwae ilikuwa imekwisha kupokelewa. Harusi ilikuwa baada ya wiki tatu. Mwishoni Zamda alipenga kamasi akasema, "Nitamwambia Gwae leo hii, kabla sijaogopa. Akinikataa basi. Na akiwa wa kiume nitamwita Hamza, kwa jina la babu yangu, liwalo na liwe."

Sauti zikafifia. Rangi ilikuwa imekauka.

Sikudhani alivua spika. Ng'ambo ya uwanja, Mwalimu Hamza alikuwa amesimama mlangoni mwa ofisi, akimpungia mkono na kuinua birika la chai.

*

"Bi. Anjelista Msengi? Yuko hai, tena mzima kuliko mimi," Hamza alimwambia alipouliza. "Kwangu ni mama mdogo, ingawa si kwa damu. Ndiye aliyenilea mama alipougua. Anafuga kuku ng'ambo ya ziwa. Kwani naye yumo?"

"Yumo."

"Na mama?"

Sikudhani alikunywa chai. "Sijamaliza kusafisha sauti, Mwalimu," akasema, na alijichukia kidogo.

Jumatano alimkuta Bi. Anjelista ameinama kwenye ua wake, anatawanya mtama. Alikuwa na miaka sabini na moja, mwembamba, khanga ameifunga kiunoni kwa kazi. Kuku wa rangi zote walimzunguka miguuni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye wa mashine. Hamza alinipigia. Ingia kwenye banda, huko nje utaungua."

Sikudhani aliinama akaingia kwenye banda la kuku, na baridi ikampiga mabega. Jua lilikuwa utosini, lakini ndani mle vifaranga walikuwa wamelundikana juu ya majivu ya moto. Alinyoosha mkono akagusa ukuta. Ulikuwa na ubaridi ule ule wa mtungi.

"Bibi," akasema polepole, "hii rangi umeinunua wapi?"

"Sinunui. Napaka mwenyewe kila mwaka baada ya mavuno ya alizeti. Inapoza kupita kiasi, mwezi huu wa Julai inabidi niwawashie vifaranga moto." Akamtazama. "Umeusikia ukuta."

"Wote."

Bi. Anjelista akaketi kwenye ndoo iliyogeuzwa. Kuku mmoja mwekundu akapanda pajani pake, naye akawa anampapasa mgongo bila kumwangalia.

"Miaka hamsini nimepita pale nikiona kuta tu. Kumbe nazo zilikuwa zinasikiliza."

"Mama, wewe ndiye uliyegundua rangi baridi. Jumamosi kamati inakuja kupachika kibao chenye jina la Dakta peke yake. Nina ushahidi. Kwa nini hukumwambia?"

"Angeuliza chokaa iko wapi. Ningesema nini? Zamda angefukuzwa, na habari ya Nestori ingejulikana mji mzima kabla ya harusi. Kwa hiyo nikanyamaza. Mwaka wa kwanza nilinyamaza kwa ajili ya Zamda. Baadaye nikanyamaza kwa mazoea. Dakta alikuwa mtu mwema, mwanangu. Hakuniibia. Alipima, akaandika, akazunguka nchi nzima kufundisha. Mimi ningeweza hayo? Nilikuwa na miaka ishirini na moja na fagio."

"Na mzee Gwae? Zamda alimwambia?"

"Siku ile ile. Alikaa kimya mpaka jua likazama, kisha akamwuliza kama anataka harusi iwahi. Basi. Mpaka leo anakwenda kwa Hamza kila Ijumaa, anakula ugali, wanabishana mpira. Hamza hajui. Zamda ameondoka, kwa hiyo siri hii ni ya Gwae sasa. Si yangu. Si ya ukuta, wala ya hilo sanduku lako."

"Sheria inasema nikabidhi wote."

"Wote ni ule wa maganda na ule wa Zamda?"

"Ndiyo."

"Basi sitaki jina," Bi. Anjelista alisema bila hasira. "Niandikieni Dakta, mpige vigelegele, mle wali. Mimi nimeishi vizuri. Nimekula mayai yangu na maganda nimeyatumia."

Alicheka. Sikudhani hakuweza kucheka.

*

Jioni alimpigia simu Mkurugenzi Mwidadi, mkubwa wake kule Dodoma. Hakumtajia majina. Alimwambia tu kwamba usomaji una kweli kubwa na una jambo la ndani la mtu aliye hai.

"Kila ukuta una jambo la mtu, Sikudhani," Mwidadi alisema. "Ukianza kukata, kesho mwingine atakata. Wewe ndiye uliyeniambia hivyo, tena kwa kupiga meza."

"Nakumbuka."

"Ulete mzima."

Alikata simu akakaa kwenye ngazi ya nyumba ya wageni. Alimfikiria Hamza akisimama mbele ya wanafunzi mia tano, sauti ya mama yake ikitoka kwenye vipaza sauti, akicheka kwa furaha mpaka dakika ya kumi na tisa, Nestori anapotajwa. Alifikiria pia upande wa pili: kuacha uongo uchongwe kwenye shaba, na mwanamke aliyeipoza dunia aitwe mfuga kuku mpaka afe. Yote mawili aliyaona mabaya. Akachukua kitabu cha kanuni za Daftari, kile cha zamani chenye jalada la kijani, akasoma kutoka mwanzo kama mgeni.

Kifungu cha tisa hakuna aliyekitumia tangu Sikio lilipotengenezwa. Kilikuwa na mistari miwili. Kilisema kwamba mtu anaweza kuthibitisha ugunduzi wake kwa kuufanya upya kwa mikono yake mwenyewe, mbele ya kamati, pale pale ulipofanyika mara ya kwanza. Kiliitwa ushahidi wa mikono. Ndivyo wanasayansi walivyoaminiana kabla ya kuta kuanza kusema: wewe sema umeona nini, kisha fanya tena nione.

Alhamisi kulipopambazuka alikuwa ng'ambo ya ziwa.

"Mama, unaweza kuitengeneza mbele ya watu?"

"Naitengeneza mbele ya kuku kila mwaka."

"Hutahitaji kueleza lolote zaidi ya kazi. Wakikuuliza kwa nini maganda, utasema nini?"

Bi. Anjelista alifikiri. "Chokaa haikuwepo. Si ndivyo? Haikuwepo."

"Ndivyo."

"Lakini ule ukuta bado unasema. Wewe ukikaa kimya, kesho atakuja mwenzako na sanduku lake."

Hilo Sikudhani alikuwa amelifikiria usiku kucha. "Mwanga wa Sikio hausomi zaidi ya ngozi ya juu," akasema. "Rangi nyingine ningeweza kuikwangua. Hii yako haikwanguki, na inarudisha mwanga wote. Ukuta huo ukipigwa mkono wa pili wa rangi, cha chini yake hakuna atakayekisoma milele."

Walitazamana.

"Kwenye ukuta wa saba wenyewe," Bi. Anjelista akasema.

"Kifungu kinasema pale pale ulipofanyika mara ya kwanza."

"Na wewe watakufanya nini?"

"Wataninyang'anya Sikio. Labda kwa muda, labda moja kwa moja. Nitaandika ukweli, kwamba nimeusoma na nimeufuta, na kwa nini. Sitadanganya kwamba haukusomeka."

Bi. Anjelista alimshusha kuku mwekundu chini, akasimama, akajifunga khanga upya. "Basi twende tukatafute maganda," akasema. "Kuku wangu peke yao hawatoshi."

*

Mwalimu Hamza ndiye aliyetwanga. Alipoambiwa tu kwamba mama yake mdogo ndiye aliyetengeneza mchanganyiko wa ukuta wa saba, na kwamba atautengeneza tena, alivua koti, akaomba kinu. Kutwa nzima ya Alhamisi na asubuhi ya Ijumaa alikuwa nyuma ya karakana, jasho linamtiririka, akitwanga maganda yaliyoletwa kwa madebe kutoka kila kibanda cha chipsi mjini.

"Usiyasage yote laini kama unga," Bi. Anjelista alimwelekeza. "Mengine laini, mengine kama chumvi, mengine kama mchanga. Hapo ndipo Dakta alipokosea. Chokaa ya dukani ni sawasawa yote."

Sikudhani alielewa mara moja, na hata akaruka kidogo pale alipokuwa ameketi. Mwanga wa jua si wa aina moja. Chembe kubwa hurudisha aina hii, ndogo hurudisha ile. Unga wa kiwandani, wenye chembe zinazolingana, huacha sehemu ya jua ipenye na kugeuka joto. Mkono wa msichana mchovu, unaotwanga vibaya, haukuacha hata sehemu moja. Na joto la ukuta wenyewe lilitoka kwa namna ya mwanga usioonekana, likapita katikati ya hewa bila kuzuiwa, likaenda zake juu angani. Wanafunzi wangeandika kurasa mia juu ya jambo hilo. Bi. Anjelista alilisema kwa maneno matatu: mengine kama mchanga.

Hamza alipochoka alipumzika kwenye kinu. "Mama mdogo, na mama alikuwa anafanya nini wakati huo?"

"Alishika ndoo. Vibaya. Alikuwa anaacha mabaka kila mahali, ukimwambia anacheka. Zamda alikuwa anacheka kabla hajafika mwisho wa neno, ukawa hujui alitaka kusema nini." Akamwiga, kwa sauti nene iliyokatika katikati kwa kicheko, na Hamza akaacha mdomo wazi.

"Ndivyo hasa. Nilikuwa nimesahau. Ndivyo alivyokuwa."

"Twanga, nitakusimulia."

Akamsimulia siku ile Zamda alivyokaanga yai na ganda lake kwa mzaha, alivyokimbizwa na bata wa mlinzi, alivyoimba kwaya ya kanisani ilhali yeye ni Mwislamu kwa sababu tu aliupenda wimbo. Hamza alicheka mpaka akafuta machozi kwa mkono wenye vumbi la maganda, uso ukawa mweupe. Sikudhani alisikiliza kutoka kigodani kwake. Hakuna hata kimoja kati ya hayo alichokisikia ukutani.

Ijumaa mchana, walipokwenda kula, alibaki peke yake. Alifungua Sikio, akaona dakika arobaini zimepangwa kwenye kioo chake. Aliziangalia kwa muda. Kisha akazifuta. Mashine ilimwuliza mara mbili kama ana hakika, na mara zote mbili alijibu ndiyo. Pembeni, namba nyekundu ilijiandika yenyewe kuonyesha kwamba usomaji mmoja umefutwa na nani na saa ngapi. Namba hiyo haikufutika. Alifunga sanduku, akaenda kula na wenzake.

*

Kamati iliyofika Jumamosi ilikuwa ya watu watatu, na Mkurugenzi Mwidadi alikuwa mwenyekiti. Alisoma barua ya Sikudhani akiwa amesimama uwanjani, miwani imeshuka puani. Aliisoma mara mbili.

"Umefuta," akasema.

"Nimefuta."

"Na unamruhusu apake juu ya ukuta wa saba. Huu ni urithi wa taifa, Sikudhani."

Kabla hajajibu, Bi. Anjelista alipita katikati yao na ndoo yake. "Ni ukuta wangu, mheshimiwa," akasema kwa adabu. "Niliupaka mwenyewe mara ya kwanza. Kama haufai tena mtanishtaki. Nipisheni njia."

Mwidadi aliangalia ndoo, akaangalia mikono ya yule mama, kisha akasogea.

Alipaka bila haraka. Mafuta ya alizeti yaliyochemshwa yalinukia uwanja mzima. Ilipofika saa sita na nusu, jua likiwa kali, mjumbe wa kamati aliyekuwa fundi wa vipimo alibandika kipimajoto kwenye rangi iliyokuwa bado mbichi. Hewa ilikuwa nyuzi ishirini na saba. Ukuta ulikuwa kumi na sita, ukazidi kushuka. Alikitoa kipimo, akakifuta kwa shati, akakibandika tena. Kumi na nne. Wanafunzi waliokuwa wamejipanga nyuma ya uzio walianza kupiga kelele kabla hajasema lolote.

"Kwa nini maganda ya mayai, mama?" mjumbe akauliza.

"Chokaa haikuwepo."

"Ilikuwa imekwisha?" akauliza Hamza, bado ana vumbi masikioni.

"Ilikwisha, mwanangu."

Mwidadi aliagiza kibao kirudishwe kwa mchongaji. Majina yangekuwa matatu: Anjelista Msengi aliyeitengeneza, Zamda Gwae aliyemsaidia, na Elinihaki Kingu aliyeipima na kuifikisha kwa watu. Kisha akamvuta Sikudhani pembeni, karibu na ukuta wa kwanza, akanyoosha mkono, naye akampa sanduku la bati.

"Mwaka mmoja," akasema. "Halafu utakuja kunieleza, bila majina, ili tuandike kifungu kitakachomsaidia atakayekuja baada yako. Maana naona hiki chetu kina tundu."

"Nitakuja."

"Usifurahi namna hiyo, nimekuadhibu."

"Naona, Mkurugenzi," Sikudhani akasema, lakini uso ulimsaliti. Mikono yake ilikuwa myepesi. Hakukumbuka lini mara ya mwisho alisimama mahali bila kushika sanduku lile.

Bi. Anjelista alikuwa amekwisha kumwambia kwamba kuku wanahitaji mtu wa kuwaokotea mayai, na kwamba chumba cha mbele kina kitanda. Watu wa vyuo wangeanza kumiminika kuja kujifunza kutwanga, na yeye hakuwa na uvumilivu wa kueleza jambo mara mbili.

Mzee Gwae alifika saa saba, akiwa na fimbo na kofia safi nyeupe. Alichelewa kwa sababu hakutaka kupandishwa gari. Alikuwa na miaka themanini na minne. Hamza alimkimbilia, akamshika mkono, akamweleza yote kwa mpigo, na mzee akawa anatikisa kichwa, "Ehe. Ehe. Zamda pia? Wameandika na Zamda?" Walipofika, aliomba kigoda, akaketi karibu na Bi. Anjelista kwenye kivuli cha ukuta wa saba ambao rangi yake ilikuwa bado haijashika. Hamza akaenda kuwaletea soda.

Mzee alimtazama mwanawe akienda, mnene, mwenye mikono isiyotulia. Akainamisha kichwa kwa rafiki wa mkewe, akataka kumnong'oneza jambo.

Bi. Anjelista aliweka kidole mdomoni, akaonyesha rangi mbichi nyuma yao kwa kidevu. "Shii," akasema. "Inasikia."

Mzee Gwae aligeuka akautazama ukuta, kisha akamtazama yeye. Mabega yake yakaanza kutikisika. Naye Bi. Anjelista akashindwa kujizuia, wakacheka wote wawili, kwa sauti, mpaka Hamza aliyekuwa njiani na chupa tatu mkononi akauliza kuna nini. Nyuma yao rangi ilikuwa inashika polepole, na kicheko hicho ndicho kilichoingia humo.